Kijana wa Kabras, kompyuta ya kiwandani ni ndugu ya ile ya saiba

UKITAJA Kabras mbele ya vijana wengi nchini, watakujibu kwa mambo mawili: sukari na raga. Jina hilo liko kwenye pakiti za sukari dukani, na liko kwenye jezi za timu iliyotwaa ubingwa wa Kenya Cup kwa mara ya kwanza mwaka 2016.

Kuna kitu cha tatu ambacho hakuna anayekishangilia, ilhali kinachangia kuamua mkulima wa Chegulo au Shamberere atapeleka nini nyumbani baada ya kungoja miwa ikomae kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ni kompyuta iliyo ndani ya kibanda cha mizani.

Eneo hili la Kaunti ya Kakamega lina viwanda viwili vikubwa vya sukari, West Kenya na Butali. Trekta na malori yakipita na miwa, kijana huhesabu kazi anazozijua: kukata, kupakia, kuendesha trekta. Yule aliyesomea kompyuta hajioni kabisa kwenye hesabu hiyo. Anaona chaguo ni mbili tu: apande matatu aende Nairobi, au afungue saiba hapo Malava akiwa na printa moja, awajazie watu fomu za KRA na kutoa fotokopi za vitambulisho.

Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi zinazofanya kazi viwandani ni za ukoo uleule na ile anayoifungua kila siku kwa bisibisi. Kilichomweka nje ya lango ni mambo machache ambayo hajafundishwa kuhusu ukoo huo.

Kilo zinavyogeuka shilingi

Anza na mizani yenyewe. Trekta inapanda juu ya bamba kubwa la chuma au zege. Chini ya bamba kuna vihisi vya uzito, vipande vya chuma ambavyo vikibanwa hubadilisha kidogo sana umeme unaopita ndani yake. Badiliko hilo linasomwa na kisanduku chenye tarakimu zinazowaka, na kutoka hapo waya unapeleka uzito kwenye kompyuta.

Kompyuta inaandika namba ya gari, jina au namba ya mkulima, saa na uzito. Trekta ikishamwaga miwa hurudi kupimwa ikiwa tupu. Uzito wa kwanza ukitolewa uzito wa pili, kinachobaki ndicho miwa ya mkulima. Risiti inachapishwa, mambo yanaisha. Au yanaanza, ikitegemea risiti inasema nini.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme tani moja ya miwa ni Sh5,000, na uzito umekosewa kwa kilo 200 kwenye kila safari. Hiyo ni Sh1,000 kila trekta inapopita. Kwa shamba lililotoa trela kumi, ni Sh10,000. Kwa mzazi anayengoja pesa hizo alipe karo, huo si mchezo.

Ndiyo maana mizani ya biashara nchini iko chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa serikali. Lakini afisa haketi kibandani siku zote. Aliye pale kila siku ni karani, kompyuta, na fundi anayeitwa kompyuta inapogoma.

Ukoo wa mwaka 1981

Kwa nini kompyuta ya kiwandani ifanane na ya saiba? Jibu liko mbali kidogo, Marekani.

Agosti 12, 1981, kampuni ya IBM ilizindua kompyuta yake ndogo ya mezani, namba 5150. Ilikuwa na haraka ya kuingia sokoni, kwa hivyo badala ya kutengeneza kila kitu yenyewe ilinunua sehemu kwa wengine: prosesa ya 8088 kutoka Intel, mfumo endeshi kutoka Microsoft. Kisha ikachapisha maelezo ya ndani ya mashine hiyo ili wengine watengeneze kadi za kuchomeka humo.

Mlango ukawa umefunguka. Kampuni kama Compaq zilitengeneza kompyuta zao ambazo ziliendesha programu zilezile za IBM. Ndani ya miaka michache, neno PC halikuwa tena mali ya kampuni moja. Lilikuwa lugha ya pamoja: ukinunua kadi hii Taiwan na ile Ujerumani, zote zitaelewana.

Wahandisi wa viwanda wakaliona hilo. Zamani kila mtambo ulitengenezewa ubongo wake. Aliyeutengeneza akifunga duka, mwenye mtambo amebaki yatima. Lakini PC ilikuwa na vipuri kila mahali na watu wengi walioielewa. IBM yenyewe ilitoa toleo la viwandani mwaka 1984. Mwaka 1992 ukaja mpango wa PC/104, unaoigeuza PC nzima kuwa vibao vya milimita 90 kwa 96 vinavyopandana kama chapati. Unaweza kushika kompyuta hiyo kwenye kiganja.

Ukitaka kujua ukoo huu una mizizi kiasi gani, tazama prosesa ya Intel 386. Ilitoka mwaka 1985. Madukani ilisahaulika baada ya miaka michache, lakini Intel iliendelea kuitengeneza hadi 2007, kwa sababu mashine nyingi zisizoonekana zilikuwa bado zinaihitaji. Hata darubini ya anga za juu ya Hubble ilipofanyiwa ukarabati Desemba 1999, wanaanga waliifungia kompyuta mpya yenye prosesa ya 486, ya ukoo huohuo, wakati duniani watu tayari walikuwa wananunua Pentium III.

Somo ni moja: kiwandani, kipya si lazima kiwe bora. Bora ni kile kinachojulikana, kinachopatikana, na kisicholeta ujinga saa nane usiku.

Ndugu, lakini si pacha

Hapa ndipo kijana wa saiba hujikwaa. Anaona ni PC, anaichukulia kama PC. Lakini kompyuta ya kiwandani inaishi maisha mengine kabisa.

Kwanza, hewa. Kiwanda cha sukari kina makapi ya miwa yanayopeperuka kama pamba, na kina mvuke mtamu unaonata. Kompyuta ya kawaida ina feni inayovuta hewa ndani. Baada ya miezi michache, feni hiyo imevuta vumbi, makapi na mende, vyote vimeshikana kama uji ulioganda. Ndiyo maana kompyuta nyingi za viwandani hazina feni kabisa. Kasha lake lote ni chuma chenye mapezi kama ya injini ya pikipiki, na joto hutokea huko. Nyingine zina alama kama IP65. Sita inamaanisha vumbi haliingii; tano inamaanisha hata ukiirushia maji kwa mpira, itastahimili.

Pili, umeme. Ukanda wetu wa Magharibi ni wa mvua ya mawe na radi. Mkaazi wa Kakamega hahitaji kuambiwa. Stima ikipotea ghafla wakati kompyuta inaandika rekodi, faili linaweza kuharibika. Ikirudi kwa kishindo, paawa saplai inaweza kuungua. Kwa hivyo UPS si pambo, na waya wa kuingiza umeme ardhini, ambao mafundi huuita athi, si wa kuruka. Vifaa vingi vya viwandani pia havitumii volti 240 moja kwa moja. Hutumia volti 24 za umeme wa mkondo mmoja, kama ule wa betri. Ukichanganya hizo mbili, utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Tatu, matundu. Laptopu za siku hizi zimetupa tundu la siriali, lile la pini tisa. Kiwandani bado ni mfalme. Njia hiyo ya mawasiliano, RS-232, ilianza miaka ya 1960, na hadi leo visanduku vingi vya mizani huzungumza kwa njia hiyo. Lakini haipendi waya mrefu. Ikipita mita 15 hivi huanza kuwa na wasiwasi. Kama mizani iko mbali na ofisi, hutumika RS-485, inayoweza kufika hadi mita 1,200. Kijana anayejua tofauti hiyo anaweza kumaliza kwa nusu saa tatizo lililosumbua watu wiki nzima.

Nne, kujiamsha. Kompyuta ya nyumbani ikiganda, unabonyeza swichi. Iliyofungwa juu ya mtambo haina mtu kando yake. Kwa hivyo nyingi zina saketi ya ulinzi ambayo programu lazima iigonge kila baada ya muda fulani, kama mlinzi wa usiku anayepiga kengele kuonyesha hajalala. Kengele isipolia, saketi inaizima na kuiwasha kompyuta upya.

Halafu kuna mambo madogo yanayoleta vita vikubwa. Kwenye ubao mkuu, ule mafundi huuita madabodi, kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032. Ikiisha, na stima ikipotea, saa ya kompyuta inasahau leo ni lini. Inaamka ikidhani ni miaka kumi iliyopita, na kuanza kuchapisha risiti zenye tarehe hiyo. Mkulima akienda na risiti kama hiyo kudai malipo, nani atamwamini? Betri yenyewe ni ya bei ya soda.

Asipewe usukani peke yake

PC ina udhaifu ambao fundi mwaminifu lazima aukubali. Inafanya mambo mengi kwa wakati mmoja, na mara nyingine inachelewa. Kwenye saiba, kuchelewa kwa sekunde mbili ni jambo la kucheka. Kwenye boila la kiwanda, maji yakipungua na mtambo usijue kwa wakati, watu wanaweza kufa.

Ndiyo sababu kazi hugawanywa. Anayeshika usukani ni kidhibiti kidogo kinachoitwa PLC, kilichobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kazi hiyo tu: kusoma vihisi, kuamua, kufungua au kufunga vali, kisha kurudia, mara nyingi kwa sekunde moja. PC hukaa juu yake kama karani na mtazamaji. Huonyesha joto, presha na kiwango cha maji kwenye skrini, huhifadhi rekodi, na humpa mfanyakazi nafasi ya kutoa amri. PC ikizimika, PLC inaendelea. Kiwanda kikipangwa vizuri, skrini inaweza kuwa nyeusi na boila likabaki salama.

Kwa hivyo mtu akikuita uweke laptopu kuukuu iendeshe mashine inayoweza kuumiza mtu, bila PLC wala swichi ya dharura, jibu ni moja: hapana, bosi.

Flashi ya muziki

Mwaka 2010 dunia iligundua kirusi kilichoitwa Stuxnet. Kiliharibu mashine za kurutubisha madini ya urani huko Natanz, Iran. Hakikupitia mlango mkubwa. Kilijua kusafiri kwa flashi, kikaingia kwenye kompyuta za kawaida za Windows zilizokuwa na programu za Siemens, na kutoka hapo kikafikia PLC.

Kabras si Natanz. Hakuna jasusi anayeitafuta mizani ya miwa. Lakini njia ni ileile. Karani wa zamu ya usiku anachomeka flashi yenye nyimbo na muvi alizopakua saiba, na kesho yake rekodi za wakulima zimefungwa na kirusi kinachodai pesa. Kuunganishwa kwa familia moja kuna gharama yake: PC hurithi vipuri vya ukoo, na hurithi magonjwa ya ukoo pia.

Dawa si kubofya tu kitufe cha kusasisha. Julai 19, 2024, sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows kwa hesabu ya Microsoft, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Na Windows 10 iliacha kupata matunzo ya kawaida Oktoba 14, 2025, huku mashine nyingi zikiwa bado zinaitumia. Fundi wa kiwandani huishi katikati ya hofu hizo mbili. Anajaribu sasisho kwenye mashine ya pembeni kwanza. Anatenganisha mtandao wa mizani na ule wa ofisi. Anaziba matundu ya USB yasiyohitajika. Na anaweka nakala ya diski nzima, iliyojaribiwa, mahali pakavu.

Kazi iko wapi?

Januari 2024 lilisambaa tangazo la kazi kutoka Ujerumani lililowachekesha wengi. Alikuwa akitafutwa mtu anayejua Windows 3.11 na MS-DOS, kwa ajili ya skrini za madereva wa treni. Mfumo huo ulitoka mwaka 1993. Lakini treni bado zinakimbia, na wanaojua kuzitunza kompyuta zake wanastaafu.

Jambo hilo liko pia kwenye viwanda vya kwetu, vya sukari, majani chai, maziwa na maji. Mashine hukaa miaka 20 au 30. Fundi anayekuja kutoka mbali hulipwa usafiri, malazi na siku za kungoja. Kijana aliye umbali wa boda boda ana faida ambayo hakuna cheti kinachoweza kuinunua. Anachokosa ni maarifa tu.

Maarifa yenyewe hayako mbali. Ndani ya Kabras kuna taasisi ya kiufundi ya Shamberere. Mjini Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Mamlaka ya NITA hutahini na kutoa vyeti vya ufundi, hata kwa aliyejifunzia kazini. Kwa kazi za kufunga nyaya za umeme, leseni hutolewa na EPRA. Usiguse bodi ya umeme ya mtu bila hiyo.

Na huhitaji kungoja barua ya kukubaliwa ndipo uanze. Chukua kompyuta kuukuu ambayo hakuna mtu anaitaka, ile yenye tundu la siriali. Weka Linux, ni bure. Tafuta mzani wa kielektroniki wenye tundu la data, kisha andika programu fupi ya Python isome uzito na kuuhifadhi. Hapo umeshatengeneza mfano mdogo wa mizani ya kiwandani. Ukimaliza, pakua OpenPLC, programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa kidhibiti cha kujifunzia. Jifunze Modbus, lugha ya mitambo iliyoanza mwaka 1979 na ambayo bado inazungumzwa kila mahali.

Jua kali nao wasiachwe nyuma. LinuxCNC, programu ya bure yenye mizizi katika taasisi ya viwango ya Marekani, huwezesha PC kuukuu yenye tundu la printa la pini 25 kuendesha mota za mashine ya kukata au kuchonga. Fundi wa mageti anayechora maua ya chuma kwa chaki anaweza kuanza hapo.

Majirani zetu Uganda walishaonyesha kwamba werevu wa aina hii si wa wazungu peke yao. UNICEF nchini humo ilitengeneza kituo cha kompyuta ndani ya mapipa ya mafuta, chenye kompyuta zisizokula umeme mwingi, kibodi ngumu na sola, kwa ajili ya vijana wa mashambani. Jarida la Time lilikiweka miongoni mwa uvumbuzi bora wa 2011. Pipa lilikuwa lile la kawaida, na fundi alikuwa wa karibu.

Mwenye kibodi

Kuna jambo moja la mwisho, na haliwezi kufundishwa kwa waya.

Kompyuta ya mizani haijui kuiba. Anayeiba ni mtu. Akiongeza uzito wa trekta tupu kwa kilo 200 kwenye kibodi, miwa ya mkulima imepungua kwa kilo 200, na risiti itatoka safi kabisa, imepigwa chapa, inaonekana ya haki.

Hapo ndipo fundi anayejenga mfumo ana uwezo kuliko anavyofikiri. Anaweza kupanga uzito wa trekta tupu usomwe kutoka kwenye mizani kila safari, usiandikwe kwa mkono. Anaweza kuhakikisha namba za risiti zinafuatana bila pengo. Anaweza kuweka kumbukumbu ya kila aliyebadilisha kitu na saa aliyokibadilisha, mahali ambapo karani hawezi kuifuta. Anaweza kuweka skrini ya pili dirishani, ili dereva na mkulima waone tarakimu zilezile anazoziona karani.

Skrini hiyo ya pili ni waya mmoja na kifaa kilichotumika. Kama kibanda cha mizani kilicho karibu nawe hakina, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kwenda kuomba.